Mikro Inayosikia Mbali

Nimechoka, sitaficha. Tangu ofisi yetu ya Nguba ifungwe natafuta kazi kwa ordinateri, kompyuta yetu ya nyumbani, na mara mbili wakubwa wa Kinshasa wanaonihoji humo wameniambia sauti yangu haisikiki. Safari ya tatu ilikuwa kazi ya kuandika ripoti za mikutano. Honoré, mume wangu, akasema tununue mikro, kinasa sauti cha kuchomeka. Naye alikuwa na haja yake: anacheza mpira wa kwenye ordinateri na marafiki walioko Goma na Uvira, na hawamsikii akidai pasi. Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, ndiyo. Tangu akose kazi ndicho kilichobaki, hata kanisa aliliacha.

Tukapanda hadi mtaa wa Kadutu kwa Papa Zagabe, muuza vifaa. Alikuwa nazo mbili za bei tunayoiweza. Moja kaske ya kuvaa kichwani, yenye kijiti kinachofika mdomoni. Nyingine ya kusimama mezani, yenye mwanga wa buluu.

"Ile ya mudomo inakusikia weye tu," akasema. "Hii ya meza inasikia mbali."

Akaiwasha, tukamsikia hadi mama muuza samaki wadogo, sambaza, wa ng'ambo ya njia akibishana na mteja. Tukaichukua. Redio tunanunua hivyo hivyo, inayokamata mbali ndiyo nzuri. Na Honoré alipenda ule mwanga.

Alhamisi saa nne nikafunga madirisha, nikavaa koti la ofisini juu ya kitenge. Honoré akasema anatoka, nisisumbuke. Wakubwa walionihoji kwenye kioo walikuwa watatu, Madame Charlène akiongoza. Swali la kwanza lilipita vizuri. La pili, akakunja uso.

"Maman Jeanine, kuko mutu anaomba hapo kwako?"

Mimi nilisikia mvumo wa mbali tu; nikasema ni majirani, mnisamehe. Nyumba zetu za mbao zimebanana, na chumba cha maombi kiko nyuma ya ukuta. Nikapaza sauti. Baada ya dakika kumi wakanishukuru kwa upole ule ninaoujua. Mchana barua ikaja kwenye ordinateri: hapana.

Nikavuka uani kwa Maman Clémence, kiongozi wa maombi, nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Alinisikiliza akichambua majani ya sombe.

"Jeanine, leo hatukuomba. Tulikuwa kwenye kilio cha mufu, kule mtaa wa Panzi, tangu asubuhi."

Nikarudi na aibu yangu. Ordinateri ilikuwa imerekodi mkutano, nikaufungua. Sauti yangu iko chini, na juu yake mwanaume anaomba vile tunavyoomba huku, kwa nguvu zote, maana ombi la kunong'ona hatulihesabu.

"Bwana, umukumbuke Jeanine. Mimi usinipe kitu. Yeye amechoka, Bwana. Amechoka."

Alikuwa Honoré, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha langu. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa nguvu. Nikalia tu, koti la ofisini bado mwilini.

Aliingia jioni na mfuko wa makaa.

"Barua imekuja?"

"Imekuja. Wamekataa. Walisikia makelele."

"Makelele ya nani?"

Alinitazama, kisha akatazama makaa yake.

"Ya njia," nikasema, nikamwekea chakula. "Kesho tuirudishe hii kwa Zagabe, tuchukue ile ya mudomo. Nikiwa na ile, kila mutu apige kelele vile anataka."