Wakili wa Upande wa Pili

Jiwe la kwanza lilipita kwenye kioo cha mbele likampata dereva wetu tayani. Gari lilikwenda upande, likagonga nguzo ya lango la mtambo, likazima. Katika ukimya mfupi uliofuata, Mpimaji, aliyekaa kiti cha nyuma na chupa zake za sampuli mapajani, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nimeumia. Sikuwahi kumjibu. Walikuwa wameshafika.

Walikuja na nondo, minyororo, na mmoja alishika spana ya mabomba ndefu kama mkono wangu. Sare za mtambo walizivaa ndani nje ili nembo isionekane. Nakumbuka mishono yake, nyuzi nyeupe zikining'inia mabegani. Wakamtoa dereva dirishani, juu ya vipande vya kioo vilivyobaki. Alikuwa mtu mzima, karibu kustaafu. Tulimwita Babu Gia kwa sababu hakuwahi kupita gia ya tatu, akidai gari la serikali halina haraka ya kwenda kokote. Walimpiga chini pale pale. Niliona mikono yake ikiachia kichwa, taratibu, kama mtu anayepitiwa na usingizi, na hata baada ya hapo hawakuacha.

Mimi nilishuka nimeinua juu amri ya kusimamisha mtambo. Bado sijui nilifikiri nini. Labda nilidhani mhuri unaonekana kwa mbali. Nondo ilinipata mkono huo huo, nikausikia mfupa ukikatika kama kuni kavu, kisha nikawa chini, mdomo umejaa mchanga uliolowa mafuta, na buti likanitafuta mbavu na kuzipata. Nyuma yangu Mpimaji alipiga ukelele mmoja tu. Mnyororo ulikuwa umepita usoni mwake.

Hapo ndipo mtu akaniangukia.

Nilifikiri ni mmoja wao, nikaanza kumng'ata. Akaniambia sikioni, akihema, "Ni mimi. Usiinuke. Hata wakinitoa, usiinuke." Nikaijua sauti. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sauti hiyo ndiyo iliyonisahihisha mahakamani, ndiyo iliyonitania korido nzima isikie. Kila pigo lililomfika mgongoni lilinifikia mimi likiwa limepungua, kama mtu anayegonga ukuta wa nyumba ya jirani. Niliyahisi yote. Alikuwa akihema kwa kukatakata na tai yake ilikuwa imenilalia usoni, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba tai ile ilikuwa mpya na nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuvaa kwetu.

Tulimwita Pilipili, kwa ulimi wake mbele ya mashahidi wa viwanda. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha sheria katika mamlaka yetu ya mazingira, na yeye ndiye aliyeniajiri nikiwa sijui hata pa kusimama mahakamani. Miezi michache kabla ya asubuhi ile alikuwa amehama. Alikwenda kuwa wakili mkuu wa kampuni yenye mtambo ule wa umeme, mtambo uliochoma mafuta mazito na kumwaga masalio yake kwenye bonde, hadi visima vya majirani vikawa vinatoa maji yenye utando wa rangi rangi. Faili la mtambo huo tulikuwa tumelifungua pamoja, yeye na mimi.

Siku ya kumuaga nilikataa kumpa mkono. Alicheka, akanivuta pembeni na kuniuliza, "Mdogo wangu, wazuri wote tukikaa upande mmoja, nani atawafundisha hawa watu sheria?" Nikamjibu kwamba tutaona nani atamfundisha nani. Nyumbani nilimlalamikia mama, nikitegemea ataniunga mkono. Mama aliendelea kukunja nguo zake. Akasema mtu aliyehama kazi hajahama dini, na kwamba kama kila anayebadilisha mwajiri ni msaliti, basi yeye, fundi wa kushona, alimsaliti kila mteja aliyewahi kumshonea gauni. Sikumsemesha hadi asubuhi.

Polisi walipofika, waliokuwa na nondo walikuwa wameshaingia ndani ya lango, na lango limefungwa vizuri kwa kufuli. Babu Gia alifariki kabla hatujamfikisha hospitali. Mpimaji alipoteza jicho la kushoto. Mimi nilitoka na mkono uliofungwa vyuma na mbavu zilizonikataza kucheka kwa muda mrefu. Maziko yalinipita nikiwa kitandani. Mke wa Babu Gia alikuja kitandani kwangu na kanga ya msibani bado kiunoni, akaniuliza kama mume wake alisema lolote njiani. Nilimwambia ukweli, kwamba alilalamikia mashimo ya barabara tangu tulipoondoka hadi tulipofika. Akacheka. Kisha akalaza uso kwenye plasta ya mkono wangu, akalia hadi muuguzi akaja kumwinua.

Pilipili alilazwa wodi ya wanaume, ghorofa ya chini. Nyonga yake ilikuwa imepasuka na figo moja inatoa damu. Nilipoweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu nilimwomba mama anisukume. Tulimkuta amelala chali, midomo imevimba, anaangalia dari. Mama alimshukuru kwa maneno mengi, akamwita mwanangu, kisha akatoka akajifanya anatafuta maji ya kunywa.

Nilimuuliza ni nani aliyewapanga wale watu.

"Mimi ni wakili wao," akasema.

"Babu Gia amekufa."

"Najua nani amekufa." Akageuza uso ukutani. "Nimekulalia pale chini kwa sababu ni wewe. Hilo lilikuwa langu, nimekupa. Hili la pili si langu. Ni la mteja."

Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowachukia wenye nondo. Hao sikuwajua. Huyu nilimjua anavyokunywa chai, na nilijua kwamba anajua.

Walishtakiwa walinzi sita na mafundi kadhaa. Wote walitoa hadithi moja iliyonyooka kama imepigwa pasi: wafanyakazi walipata uchungu wa kufungiwa kazi, hasira zikawapanda, hakuna aliyewatuma. Meneja wa mtambo alisimama mbele ya waandishi wa habari akatoa rambirambi. Mwendesha mashtaka, mwanamama mkali aliyevaa miwani ya kamba, aliniambia bila kunificha kwamba meneja atatoka bila hata kukunjamana suti.

Nikamwambia amwite Pilipili kizimbani.

Akanitazama kama nimeanza kupata homa. Mawasiliano ya wakili na mteja yanalindwa, akasema, hata mtoto wa chuo anajua. Nikamwambia ulinzi huo una mwisho wake: mteja akimwendea wakili kwa ajili ya kutayarisha uhalifu, hakuna siri hapo. Nilimtajia kifungu na hukumu za zamani bila kufungua kitabu. Sikuhitaji kitabu. Pilipili mwenyewe alinikaririsha hayo yote mwaka wangu wa kwanza, mchana kutwa, ofisini kwake, akinirushia vifuniko vya kalamu kila nikikosea.

Hakimu alikubaliana nasi. Pilipili, amesimama kwa magongo mawili, aliamriwa kutoa ushahidi juma lililofuata. Alinitafuta kwa macho mle mahakamani. Hakukasirika. Aliniangalia kama mwalimu anayeangalia karatasi ya mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa swali ambalo hakutaka kuliuliza.

Siku mbili kabla ya ushahidi walimwendea nyumbani, saa ya chakula cha mchana, mke wake akiwa jikoni. Walikuwa watatu, wamevaa vizuri, wakabisha hodi. Mke wake walimfungia stoo. Yeye walimkalisha kwenye meza yake ya kulia, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya kitambaa cha meza, na mmoja akatoa nyundo. Walivunja vidole kimoja kimoja, wakipumzika kati ya kimoja na kingine ili apate nafasi ya kufikiri. Mke wake alisema alihesabu mapigo ya nyundo kutoka gizani na hakumsikia mume wake akisema neno lolote isipokuwa kuwaambia, baada ya kidole cha mwisho, watoke waende kwa sababu chakula kinapoa.

Alikuja mahakamani. Mkono ulifungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, mkubwa kama mkate. Aliapa akiwa ameinua wa kushoto, na karani alitaka kumsahihisha kisha akanyamaza.

Alisema kwamba siku moja kabla ya shambulio meneja alimwita ofisini, mkuu wa walinzi akiwepo. Meneja alimuuliza sheria inaruhusu nguvu kiasi gani dhidi ya watu wanaoingia bila ruhusa. Yeye alijibu kwamba maofisa wenye amri si watu wasio na ruhusa, na kwamba wasiguswe. Meneja akasema sawa, alikuwa anauliza tu. Kisha akamuuliza watakuja kwa gari gani, na kwa njia ipi.

"Ukamjibu?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Nikamjibu." Sauti yake ilishuka hadi hakimu akainama mbele. "Nilifikiri wanataka kufunga lango. Nilimwambia gari, nikamwambia njia. Nikamwambia hata kwamba dereva wao huwa anakuja polepole."

Mke wa Babu Gia alikuwa amekaa safu ya mbele. Alijifunika uso kwa mtandio na hakuufunua hadi tulipotoka.

Meneja alifungwa, na mkuu wa walinzi pia. Mtambo ulifungwa, ingawa visima vile havijasafika hadi leo. Pilipili alisimamishwa uwakili akisubiri uchunguzi, na hata aliporudishiwa leseni, hakuna ofisi iliyomtaka. Makampuni yalisema ni wakili anayeuza wateja. Wanaharakati walisema ni yule aliyetaja njia. Nilisikia anafundisha masomo ya jioni mahali fulani, halafu nikasikia hafundishi tena.

Mimi nilipanda. Nilipewa kitengo, kisha kiti, kile kile alichokalia yeye, na springi yake iliyochoka upande wa kushoto.

Sasa ninapoyaandika haya namsikia Pilipili chumba cha pili akimgombeza mtu wa kiwanda cha ngozi kwenye simu, kwa hiyo mwisho wake si siri. Ila ninachotaka kukisimulia ni ile asubuhi alipokuja kuomba kazi. Ilitangazwa nafasi ya ofisa wa sheria, daraja la chini kabisa, na katika majina ya walioitwa kwenye usaili nikaliona lake. Nikiwa kwenye jopo, mkabala na mlango, nilimwona akiingia kwa fimbo. Alijibu maswali yote vizuri. Mwenyekiti alipomuuliza kwa nini aliacha kampuni, alisema hakuacha, alifukuzwa, na akataja sababu kwa sentensi moja.

Alipotoka, mwenyekiti alituuliza kama kuna mjumbe mwenye maslahi ya kutangaza.

Nilisema ninayo. Nilisema mtu yule alipigwa kwa ajili yangu, na kazi yake ikaisha kwa sababu yangu, kwa hiyo sifai kumpa alama yoyote, ya juu wala ya chini. Nikakusanya miwani yangu na kalamu, nikatoka.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, fimbo katikati ya magoti. Akasogea kunipisha. Nikakaa.

"Wamekutoa?" akaniuliza.

"Nimejitoa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akiangalia ukuta wa mbele. "Vizuri," akasema. "Ungebaki ningekukatia rufaa."

Tulikaa. Ndani walikuwa wakibishana. Tuliwasikia sauti lakini si maneno. Mhudumu alipita na birika la chai, akatutazama mara mbili, akaenda zake. Mlango ulipofunguliwa hatimaye, katibu wa jopo alichungulia, macho yakiwa kwenye karatasi zake, akasema, "Wakili aingie."

Hakusema yupi. Tukasimama wote wawili.