Sahihi ya Mburu

Chepkirui hakuwahi kuiona bahari, lakini kazi ya mikono yake ilifika huko kila mwezi. Katika karakana ya Kamaljit mjini Nakuru, yeye ndiye aliyeosha filta za kompresa, mashine za kusukuma gesi, zinazofungwa kwenye majukwaa ya gesi katikati ya maji. Ndani ya kompresa zile, kinachozuia gesi isivuje kando ya shafti, ule mhimili unaozunguka, ni pete mbili zisizogusana, na kati yake inapitishwa gesi safi iliyochujwa na filta hizo. Punje moja ya vumbi ikiingia hapo, pete zinakwaruzana na mashine imekwisha. Ndiyo maana kulikuwa na sheria moja ambayo haikuchezewa: aliyeosha hakagui. Chepkirui akishaosha, mkaguzi, Mburu, alipitisha kitambaa cheupe ndani, hasa upande ambako gesi hutokea ikishachujwa, kwa maana uchafu ulioko huko hauna tena wa kuuzuia. Kitambaa kikitoka cheupe, wote wawili walitia sahihi kwenye kadi ya filta.

Januari ile ya 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi, Mburu alikuwa amekagua filta tatu kati ya nne za oda pale simu ilipoingia kwamba nyumba za kwao Kuresoi zinachomwa na mamake yuko peke yake. Akatoka mbio, hakumuaga mtu ila Chepkirui. Kamaljit alikuwa amekwama Nairobi, na kwa simu alikuwa ameapa kwamba atakayekosa kufika kazini wiki ile asirudi tena. Lori la mzigo lilikuwa langoni likingoja. Sasa Chepkirui afanyeje? Amchongee Mburu, mtu aliyekula naye githeri sufuria moja miaka sita? Thubutu! Akaosha filta ya nne, akaikagua mwenyewe harakaharaka, macho yakimwasha kwa moshi, na jivu likiingia kwa dirisha lililovunjwa kwa mawe. Kitambaa alikiona cheupe. Akatia sahihi yake, kisha akaiga ya Mburu, na akafurahi kwamba amemwokoa mwenzake. Hilo ndilo linalouma zaidi, kwamba alifurahi.

Mburu alirudi kazini baada ya siku kumi, kabla Kamaljit hajatoka Nairobi, mamake akiwa kwenye hema la wakimbizi katika uwanja wa maonyesho. Chepkirui hakumwambia habari ya ile sahihi. Kwa mtu aliyepoteza nyumba, aliona ni jambo dogo.

Mwezi wa Aprili Kamaljit alimwita ofisini. Filta moja ilikuwa imerudishwa, iko mezani na kadi yake, na upande ule wa gesi safi ulikuwa na masizi. Huko baharini pete ziliharibika, gesi ikavuja, watu wakaondolewa kwa helikopta. Kamaljit hakufoka. Alisema muoshaji anaweza kukosea, ndiyo maana mkaguzi akawekwa, kwa hiyo Mburu aende zake. Chepkirui alifungua mdomo aseme. Akamkumbuka Jeruto, binti yake, na shule yake, akaufunga. Aibu ilimshika hadi masikio yakamwaka moto. Na kwa kuwa siku hiyo Mburu alikuwa ameomba ruhusa amuuguze mamake, Chepkirui ndiye aliyepewa barua ampelekee.

Alimkuta nje ya hema akimpoozea mamake uji. Mburu alisoma barua mara mbili. Ilisema filta moja ya oda ya Januari yenye sahihi yake, haikusema ni ipi.

“Mama Jeruto,” alisema, “wewe ulikuwepo. Nilikosea wapi?”

Chepkirui alijua jibu, na lilikuwa fupi.

“Ulikuwa umechoka tu,” akasema. “Mawazo yako yalikuwa Kuresoi.”

Mburu aliitikia kwa kichwa polepole. Akasema ni kweli, wiki ile hakuwa na akili zake, na kama watu wangekufa huko baharini angejibu nini kwa Mungu. Akamwomba amwombee radhi kwa Kamaljit. Kisha akamvutia mtungi wa plastiki aketi, akamshukuru kwa kuja yeye mwenyewe badala ya kumwachia mtu baki.