Benoni, Mwana wa Uchungu

Wodi ile ya wazazi ilikuwa na utaratibu wake. Jina la mtoto kwenye fomu hutolewa na mama. Mama akifariki kabla fomu haijajazwa, mkunga aliyekuwa naye huandika jina alilolisikia kinywani mwake na kutia sahihi. Kama hakusikia jina lolote, baba ndiye huamua.

Asubuhi hiyo mkunga alikuwa na fomu mezani, kalamu mkononi, na macho mekundu. Mbele yake walikaa watu wawili wasiotazamana: fundi baiskeli aliyefiwa na mkewe jana alasiri, grisi bado imo kwenye kucha zake, na mama mkwe wake aliyempakata mtoto.

"Andika Benoni," alisema mama mkwe.

"Mama, nakuomba," fundi alisema. "Katika Biblia, Raheli mke wa Yakobo alimwita mwanawe Benoni akiwa anakata roho. Maana yake mwana wa uchungu wangu. Lakini Yakobo hakukubali. Alimwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Hakutaka mtoto abebe msiba wa mama yake mgongoni. Na mimi nataka Benyamini."

"Yakobo alikuwa na kondoo na ngamia, mkwe. Wewe una pampu ya baiskeli."

Mzazi wa kitanda cha jirani aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu alilitamka mwenyewe," mama mkwe aliendelea. "Sista alikuwepo, muulize. Ila kwanza kamletee mwanao maji ya moto, badala ya kukaa hapa unatuhubiria."

Fundi alichukua chupa akatoka. Alikuwa mtu wa kutumwa na kwenda.

Mkunga alijua kwamba marehemu hakutaja jina. Alipowekewa mtoto kifuani alimpapasa masikio, akacheka kwa sauti ndogo. "Maskini, kachukua masikio ya baba yake. Mwambieni nimecheka." Kisha akasema ana usingizi. Mkunga naye alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Akatoka, dakika tano tu, na dakika tano zikawa ishirini na tano. Aliporudi, damu ilikuwa imepita shuka na kuingia godoroni.

"Chai ya jana ilikuwa tamu, binti yangu?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

Kalamu ilimponyoka mkunga.

"Nilikuona kantini, unachovya mkate na kucheka na wenzako. Nikajiambia, alhamdulillahi, mwanangu hajambo, mkunga wake hana wasiwasi." Alimfuta mtoto mate kidevuni kwa upole. "Naweza kwenda kwa mganga mkuu sasa hivi. Lakini wewe ukifukuzwa kazi, mimi napata nini? Tia sahihi."

"Mama, huyu ni mtoto mchanga. Ataitwa hivyo shuleni, kazini, mpaka siku ya kuzikwa kwake. Kakosa nini?"

"Kila atakapoitwa, atajua alikuja kwa bei gani. Na baba yake kila akimwita aje kula, atamkumbuka mwanangu, chakula kimkwame."

"Lakini mtoto hakumuua mama yake!"

"Haya. Ni nani, basi?"

Mkunga alimtazama mtoto. Alikuwa amelala, ngumi zimefumbwa, anahema haraka haraka kama watoto wote wa siku moja. Mkunga aliwaza kodi ya chumba, wadogo zake watatu, na nguo yake nyeupe aliyoifua kwa mikono miaka yote ya chuo. Kisha akaokota kalamu. Aliandika herufi sita kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi chini yake.

Fundi alirudi na chupa ya maji, akaisoma fomu akiwa amesimama.

"Sista, kweli alisema hivi?"

"Ndiyo, kaka."

"Alikuwa na kinyongo na mtoto?"

"Alikuwa na maumivu makali."

"Na mimi? Hakuniachia hata neno?"

Mama mkwe alikohoa kidogo.

"Hapana, kaka," alisema mkunga. "Hakusema kingine."

Fundi alikuwa ameshanyoosha mikono ili ampokee mwanawe. Mikono ilibaki hewani kitambo, kisha ikashuka. Aliiweka chupa mezani taratibu.

"Basi kaa naye wewe, mama," alisema. "Kama mama yake mwenyewe alimwita hivyo akiwa anakufa, mimi nitamwangalia kwa jicho gani?"

Alitoka. Nyayo zake zilisikika ukumbini, mwanzoni polepole, kisha mbio.

Mama mkwe alikunja nakala ya fomu, akaitia ndani ya blauzi. Alipofika mlangoni aligeuka, akakishika kiganja kidogo cha mjukuu wake na kukipungapunga.

"Benoni," alisema, "muage sista."