Reli ya Barazani

Mji wetu ulizaliwa na reli. Kabla yake palikuwa na mto na viboko tu. Ikaja stesheni, likaja daraja, na nyuma yake maduka, mashine ya kusaga, na watu wa kila kabila waliogombana kwa lugha moja. Treni ya jioni ilipopiga honi darajani, mama aliteleka chai. Naikumbuka honi ile kuliko sauti za watu wengi niliowazika.

Kisha vikaja vita. Walioshika ng'ambo ile wakalipua daraja. Walioshika ng'ambo yetu wakatulaumu sisi. Treni ikakoma kuja. Vita vya panzi furaha ya kunguru: watu wakaanza kung'oa reli. Wa kwanza alichukua mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, akayafanya kuni, mwenzake akayachonga kitanda, na hatimaye hata banda la kuku la mwalimu mkuu lilisimama kwa chuma cha serikali.

Baba, aliyekuwa mnyapara wa reli, naye alichukua kipande kimoja cha reli, akakilaza juu ya nguzo za baraza kibebe paa.

"Naitunza tu," alisema. "Treni ikirudi, nitairudisha."

Mji mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Watu waliolalia mataruma kila siku wakamwita mwizi. Nyani haoni kundule. Baba alikufa na jina hilo, na hadi leo linaniuma.

Mwaka huu mafundi walirudi kujenga daraja. Mji ukaingiwa na homa: mashuka yakashushwa hadi sakafuni kuficha vitanda, mabanda yakakandikwa udongo. Mama peke yake alijitanda khanga, akaenda kumwita mhandisi.

Mhandisi, kijana mpole, aliigonga reli kwa nyundo.

"Mama, hii ni ya zamani. Siku hizi tunatumia nzito zaidi. Kaa nayo tu. Tukiitoa, paa litashuka."

Nilishusha pumzi. Nyumba imepona! Mama hakuonyesha furaha yoyote.

"Mwanangu, mume wangu alisema atairudisha."

"Lakini haina kazi, mama."

"Kwenu haina. Mimi nimeitwa mke wa mwizi kwa ajili yake. Ichukueni."

Nikamvuta pembeni. "Mama, mvua hizo zinakuja. Utalala wapi?"

"Kwako. Au kwako hakuna sakafu?"

Mhandisi akaita watu wake. Walitegemeza paa kwa magogo. Hata hivyo upande mmoja ulishuka, ukamwaga vumbi juu ya viti vya baba. Wakajitwika reli mabegani, wakageukia kichochoro cha nyuma, njia ya mkato ya stesheni.

"Si huko," mama alisema. "Piteni barabara kubwa. Na mwende polepole."

Akawatangulia. Majirani walitoka mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanafagia. Mama hakumruka hata mmoja.

"Shemeji, hujambo? Ni reli ya mume wangu. Anairudisha."

Akasogea mlango wa pili. "Wifi, habari za asubuhi? Ni reli ya mume wangu. Anairudisha."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilifuata nyuma nikilia waziwazi, nikitamani baba angekuwepo aone.