Mama Mkwe wa Daktari Oyugi

Kwangu, mtaani Migosi, hapakosi watu. Ukipita saa nne asubuhi utakuta wateja wa chapati, majirani waliokuja kwa dakika moja tu tangu saa mbili, na Sheryl wa saluni analeta habari za jana zikiwa bado moto. Kwa hivyo usiniulize nilijuaje mambo ya Daktari Oyugi. Mlango wake unatazamana na wangu.

Daktari ni mtu wa majina, si wa sindano. Miaka thelathini na moja ametembea ufuko wa ziwa, kutoka Kisian hadi visiwani, akiuliza: kilima hiki kinaitwaje? Na lile jiwe? Anasema kulikuwa na watu huko wenye lugha yao, lugha ikafa, ikaacha majina tu. Daftari lake lina majina mia mbili, na sitini na moja kayaandikia "maana haijulikani". Kitabu kilikuwa kinaenda kuchapwa Jumatatu.

"Nimeokota mifupa tu, Mama Amirah," aliniambia. "Sijawahi kusikia mtu akiisema lugha yenyewe. Hata sentensi moja."

Wiki hiyo hiyo mama mkwe wake, Mama Achola, akaletwa kutoka kisiwani kupasuliwa jicho. Sasa kwa Waluo, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, wala hawali meza moja. Heshima yao ni ya mbali. Seline, mke wa Daktari, akamleta kwangu, nami mgeni simkatai.

Ijumaa alikuwa amekaa na bandeji yake, anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, midomo inacheza.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na nyanya yangu. Tulikuwa tunachambua hivi tukitaja mawe yote ya ufuko, mtoto asije akapotea na mtumbwi." Akaanza kuyataja. La nne lilikuwa Ikare.

Mikono yangu ikakwama kwenye unga. Ikare! Jina hilo Daktari alikuwa amemuuliza kila aliyekanyaga nyumba hii, hata muuza maji!

"Ikare ni nini, Mama?"

"Si mahali pa kukaa? Wanawake walikaa hapo wakingoja mitumbwi. Kwani huku mjini mnasoma nini?"

"Na hukumwambia Daktari?"

"Nimwambie saa ngapi? Ananisalimia akiwa getini, anatoroka! Seline alisema mumewe anafundisha majina, nikadhani ni ya watoto wa darasani."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nilishavuka kwa Daktari kumwambia, unga hadi viwikoni. Daktari akatoka mbio, kandambili moja ikabaki ndani. Kufika mlangoni pangu, akafunga breki.

"Siingii. Ni mama mkwe wangu."

"Kitabu ni Jumatatu," Seline akamfokea, "na wewe umesimama hapo kama nguzo ya stima!"

Tukakubaliana hivi: Daktari nje dirishani, pazia lishushwe, mimi katikati. Yeye anataja jina, mimi nampelekea Mama, jibu linarudi. Watu wakajaa hadi kwenye ngazi. Kila maana ikipatikana, Sheryl anapiga kigelegele. Kufikia alasiri, kati ya yale sitini na moja yalibaki mawili.

Halafu sauti ya Daktari ikashuka. "Mwombe aseme kitu. Chochote. Sentensi moja tu."

Mama Achola akaweka ungo chini. "Tulichekwa sana kwa maneno haya," akasema. "Ndiyo maana niliyaacha." Kisha akageukia pazia akasema kitu kirefu, polepole, na nyumba yangu, nyumba hii ya makelele, ikatulia kabisa.

Humo ndani hakuna aliyeelewa; mimi nilidaka "ikare" tu. Nikafungua mdomo kuuliza, nikasikia kishindo huko nje. Nikachungulia. Daktari alikuwa amekaa chini kwenye matope na suruali yake ya pasi, daftari kifuani, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia mkwe wangu akae, amesimama sana." Akachukua ungo wake. "Amekaa?"

"Amekaa!"

"Basi amesikia."

"Seline!" Daktari akapiga kelele kutoka kwenye matope. "Pigia wachapaji simu! Waambie wangoje!"