Safari ya Pasi ya Mwisho

Mwanasaumu alikuwa amekwisha kuuaga mtaa mzima wa nyumba za reli pale Changamwe, mlango kwa mlango, ndipo mumewe aliporudi kutoka stesheni ya mjini akamwambia kwamba treni imejaa.

"Imejaa vipi?" aliuliza, mkono mmoja ungali ndani ya sanduku. "Si ulisema treni ni yako?"

Mwinyihaji alivua kofia akaketi kwenye kiti cha mlangoni. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akitengeneza breki za mabehewa. Aliyajua kwa mlio. Hata akiwa amejilaza chumbani huweza kukwambia hili linalopita ni la mizigo na lile ni la abiria. Lakini kukata tiketi hakuwahi. Wiki nzima mkewe alimwambia, "Bwana, hebu nenda ukaulize," naye akijibu, "Mwenye nyumba hubisha hodi kwake?" Hakuwa na habari kwamba kitanda cha daraja la pili hushikwa mapema, hata na wenyewe wa reli, seuze mwezi wa Disemba, watu wa bara wanapokwenda kwao kula Krismasi.

"Basi twende kesho."

"Kesho ni hivyo hivyo. Na keshokutwa. Na mwezi ukiisha nami kazi imekwisha, na pasi imekwisha."

Hapo Mwanasaumu aliutoa mkono sandukuni. Kila mwaka Mwinyihaji alipewa pasi ya kusafiri bure yeye na watu wake, na kila mwaka ililala kabatini kwa sababu hii na ile: mara mimba, mara msiba, mara mtoto ana surua. Mwanasaumu hakuwahi kuvuka Mariakani. Mwaka huu wa themanini na saba watoto wote wameshaoa na kuolewa, na Ishaka, kijana wao aliyeko Nairobi, ameleta habari kwamba chumba kipo, waje watembee hata wiki mbili. Tangu siku hiyo Mwanasaumu hakulala sawasawa. Si hiyo Nairobi iliyomkosesha usingizi. Ni kule kulala juu ya kitanda, na kitanda chenyewe kiwe kinakwenda.

"Hakuna kabisa?"

"Vipo viwili. Kefa, karani wa dirishani, amenishikia mpaka alasiri. Lakini viko chumba cha wanawake, cha vitanda vinne, na viwili vimeshakatwa. Hawachanganyi wanaume na wanawake, na upande wetu hakuna hata pa kuweka kofia. Mimi nitakaa daraja la tatu, kwenye ubao. Nimezoea vyuma."

"Nami nikalale peke yangu na watu nisiowajua?"

"Kwani nimesema peke yako? Nimekwambia viwili." Mwinyihaji aliinama akaanza kufungua kamba za viatu, polepole mno. "Pasi yaruhusu mke na jamaa mmoja ninayemlea. Na ninayemlea wamjua."

Alimjua. Ni Mwanabibi, dada mkubwa wa Mwinyihaji, mjane akaaye Chaani, ng'ambo ya barabara ya malori ya mafuta. Yeye na Mwanasaumu hawakuwa wakisemezana tangu Mwanasaumu alipomwoza bintiye, Mwanarehema, huu mwaka wa pili.

Kosa lilikuwa la Mwanasaumu, naye alilijua. Ndiyo maana lilimuwia zito kulitamka. Kwa ada yao, posa ikija, shangazi wa binti ndiye huambiwa mwanzo. Aulize ukoo, aulize tabia, kisha atoe neno lake. Mwanasaumu alimpenda yule mkwe, akaogopa wifi yake atamtia kasoro, akaipokea posa kimya kimya. Mwanabibi akapata habari amepanga foleni ya maji bombani. Harusini alikuja, akamtunza bibi harusi vizuri tu, akaenda zake. Hakukanyaga tena.

"Nenda wewe ukamwambie," Mwanasaumu alisema. "Ni dadako."

"Mimi sikugombana naye."

Mwanasaumu alivaa buibui akatoka. Njiani alikuwa akipanga maneno, na huku akitazama jua, maana alasiri haikuwa mbali. Barabarani ilimbidi angoje malori yapite, moja nyuma ya jingine, na kila moja likipita alihisi kitanda kimoja kinachukuliwa na wengine.

Alimkuta Mwanabibi uani, amepakata ungo, anachagua mchele.

"Hodi."

"Mlango u wazi."

"Shikamoo wifi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Waenda Nairobi. Nimesikia bombani."

Uso ulimuwaka Mwanasaumu. Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka kichwani. Palikuwa na kiti, lakini alikaa chini mkekani, akauvuta ungo upande mmoja akaanza kutoa chuya naye.

"Siendi bado," alisema. "Tiketi sijakata. Nimekuja kukuuliza wewe mwanzo. La Mwanarehema nilikukosea, wifi. Ulikuwapo, nikakuruka. Wala sikusahau, nilijua nafanya nini. Niwie radhi. Na hii safari, ukisema niende, nitakwenda. Ukisema nisiende, sanduku nitalifungua. Na ikiwa ni kwenda, nataka twende sote."

Mwanabibi alitoa kijiwe mcheleni, akakitazama, akakitupa.

"Wataka kunioza huyo treni."

"Ee."

"Ukoo wake?"

Mwanasaumu alimwangalia. Uso wa wifi yake ulikuwa mkavu kama wa kadhi.

"Ni wa serikali," alijibu taratibu.

"Wa serikali wana kiburi. Tabia?"

"Huchelewa njiani, lakini hufika."

"Kama marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Ana watu?"

"Wanawake wawili mle chumbani. Wamekata mapema."

"Kumbe ana wawili ndani, na wewe waniletea posa niwe wa tatu."

"Na mimi wa nne, wifi. Nitakuwa mdogo wako."

Mwanabibi alijaribu kujizuia asiweze. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na mchele ukamwagika mkekani. Mwanasaumu naye akacheka mpaka machozi, mengine si ya kicheko.

"Radhi nilikupa siku ile ile ya harusi," Mwanabibi alisema akijifuta. "Nilitaka tu uje uichukue mwenyewe. Miaka miwili, wallahi, una miguu mizito wewe." Kisha akainuka. "Hiyo alasiri ya huyo karani ni ya leo au ya kesho? Mbona umekaa?"

Mchele uliachwa pale pale, jirani akaitwa autazame. Mwanabibi alifunga furushi la nguo, akaongeza kanga mbili za kuvaa Nairobi na mbili za kurudi nazo, akaongeza birika, akaambiwa treni ina chai, akasema chai ya watu haijui sukari yake.

Walipofika stesheni, Mwinyihaji alikuwa amesimama ubavuni mwa dirisha la Kefa kama mlinzi, sanduku la mkewe miguuni, na nyuma yake foleni ikinung'unika.

"Mzee, nilikuwa nawapa hawa," Kefa alisema. "Haya, vitanda ni kimoja chini na kimoja juu. Nani wa juu?"

Mwinyihaji alifungua kinywa. Mwanasaumu alimtangulia.

"Aulizwe mkubwa."

Mwanabibi alimkagua wifi yake kuanzia utosini mpaka kwenye malapa.

"Huyu magoti yake bado mazima. Mwandike juu. Mimi chini dirishani, napenda kuona watu."

Magharibi ilipoingia, Mwanasaumu alipanda ngazi ndogo ya chuma, mmoja wa wale wanawake wawili, mama wa Kisumu, akimsukuma kwa bega na kumwambia, "Panda mama, usiogope, hakianguki." Alijinyoosha juu ya shuka lililopigwa pasi. Chini yake chuma kiligonga chuma mara moja, kwa uzito. Kisha kitanda kikaanza kwenda.

Kilikwenda. Kilivuka daraja la Makupa, na yeye amelala chali, ameshika mdomo asipige vigelegele mbele ya wageni. Walipokaribia Changamwe alisikia majirani waliojipanga kando ya reli wakiita jina lake. Aliinua kichwa akagonga dari. Kutoka kule juu hakuona kitu ila taa.

Mwanabibi alikuwa amekwisha kutoa kichwa na mabega dirishani.

"Yupo," alikuwa akiwaambia wa nje. "Yuko juu, amelala kama malkia, hamtamwona. Niulizeni mimi, huyo ni wifi yangu."

Mwanasaumu aliteremsha mkono gizani mpaka akalipata bega la wifi yake, akalishika, na kitanda kikiwa kinakwenda.