Bi Kiraka na Spika Iliyochanika

Kuna watu wakiona vumbi hawatulii mpaka wafagie, na kuna watu wakiona chungu hawatulii mpaka wafunue. Ugonjwa wa Bi Kiraka ulikuwa mpasuko. Akiona kitu kimechanika, vidole vinamwasha. Aliwahi kumfuata mtu barabarani hatua mia mbili, mtu asiyemjua hata kwa salamu, kwa sababu mfuko wa nyuma wa suruali yake ulikuwa umefumuka. Alipomfikia, uzi ulishatungwa sindanoni. Yule bwana akapiga ukelele wa mwizi. Bi Kiraka akamwambia, "Simama wima, utajichoma bure."

Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, cherehani, tangu siku ambazo kiuno chake bado kilikuwa kiuno. Aliishi na mwanawe wa pekee, mwanamume mzima wa miaka thelathini na mbili ambaye mtaa wote ulimwita Friji, kwa kuwa alitengeneza friji. Kutwa Friji alizunguka nyumba za watu akiyatuliza majokofu yanayonguruma. Ikifika saa kumi anarudi nyumbani, anavua ovaroli, anaanza kunguruma yeye.

Alipiga gitaa, wala si lile la kubembelezea wachumba. Alipiga metali, muziki ambao majirani walipousikia mara ya kwanza walitoka nje kuangalia ni paa la nani linang'olewa. Gitaa lake lilikuwa jeusi, lina pembe mbili kama beberu mkaidi. Nyuzi alinunua nene kuliko za wenzake, kisha akazilegeza mpaka zikawa zinaongea kama mzee mwenye mafua. Za kukanyagia kwa mguu, zile pedali za kuikwaruza sauti, alikuwa nazo tatu, na moja aliifunga kwa utepe wa friji. Wenzake huchapa nyuzi kwa kipande cha plastiki. Yeye alitumia kifungo cha koti kutoka kwenye kopo la mama yake, akakisugua kwa msasa mpaka kikachongoka. Vifungo vinne vya koti la mwalimu mmoja viliishia huko. Mwalimu mwenyewe mpaka leo anatembea koti wazi na watu wanamsifu kwa kwenda na wakati.

Lakini roho ya vyote ilikuwa kwenye kona ya sebule: amplifaya ya marehemu baba yake, sanduku zito lenye spika moja kubwa ndani. Marehemu alikuwa mtu wa dansi, gitaa lake likichuruzika kama asali. Siku moja wakihama nyumba, cherehani ya Bi Kiraka iliteleza, mguu wa cherehani ukazama kwenye spika, ukaichana karatasi yake urefu wa kidole cha kati. Marehemu hakugomba. Alisema tu, "Wewe ndiye fundi. Utaishona."

"Kesho," akajibu Bi Kiraka.

Kesho ile ikazaa kesho nyingine, wateja nao hawaishi, hata yule bwana akatangulia mbele ya haki spika haijaguswa. Miaka kumi na tisa Bi Kiraka alilipita lile sanduku akiangalia upande wa pili, kama mtu anayekwepa macho ya mkwe.

Sasa wiki hiyo neema ilibisha hodi. Friji na wenzake wawili walikuwa wamerekodi wimbo mmoja kwa simu, palepale sebuleni, wakamtumia bwana mmoja mwenye studio. Jibu likarudi: "Njooni Jumamosi nirekodi nyimbo zote kumi. Sharti ni moja tu, njooni na sauti ileile ya gitaa. Magitaa ninayo ukuta mzima. Sauti hiyo sina." Friji aliusoma ujumbe huo mara sita, mara ya saba akamsomea mama yake, mara ya nane akaisomea friji ya mteja.

Alhamisi asubuhi akafungua kifuniko cha mbele cha amplifaya ili akaze skrubu kabla ya safari. Simu ikaita, friji ya mtu imeanza kuvuja; akaenda, kila kitu wazi. Bi Kiraka akaja na ufagio wake. Akainama. Akatazamana uso kwa uso na ule mpasuko.

Hebu sema mwenyewe, angefanyaje?

Alichagua uzi mwembamba wa hariri, mweusi. Ndani akapachika kipande cha kile kitambaa kigumu kinachotiwa kwenye kola, akakigandisha kwa gundi kidogo, kisha akashona taratibu, mishono arobaini na miwili, midogo kama meno ya panya. Kilio kilimjia kidogo, akakimeza. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu zote, akalipangusa lile sanduku. "Haya bwana," akaliambia. "Kesho imefika." Friji aliporudi usiku akalikuta limefungwa, akashukuru kupunguziwa kazi.

Ijumaa saa kumi wenzake Friji wakaja kufanya mazoezi ya mwisho. Mpiga ngoma alikuwa muuza nyama wa sokoni, mtu wa mikono minene. Mwimbaji alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke mwembamba mpole, ila akishika kipaza sauti anatoa mngurumo wa kutisha fisi. Ukimuuliza kajifunza wapi, anasema, "Wodini. Akina mama wananifundisha bure." Bi Kiraka alikaa kwenye cherehani yake kama kawaida, anapindia shuka, anangoja washtuke kwa furaha.

Friji akapiga.

Ikatoka sauti safi, laini, ya heshima. Ungeweza kuituma kuposa.

"Umesahau kukanyaga pedali," alisema Mkunga.

"Nimekanyaga zote tatu."

"Basi waya," alisema Muuza Nyama. Wakabadilisha waya. Wakabadilisha betri. Wakalegeza nyuzi, wakazikaza. Muuza Nyama akalipiga sanduku kofi, kama anavyowafanyia ng'ombe. Sauti ikakataa katakata kuchafuka. Bi Kiraka alitabasamu na shuka lake; moyoni alisikia asali ya marehemu.

Baada ya saa nzima Friji akakaa chini sakafuni, gitaa mapajani. "Twende tumwambie yule bwana ukweli. Kesho hatuna cha kurekodi."

"Kwa sababu ya sauti tu?" aliuliza Mkunga.

"Sauti ndiyo aliyotuitia. Pedali hizi ni chumvi, dada yangu. Mchuzi wenyewe ulikuwa ule mpasuko wa spika. Karatasi ilikuwa inajipiga yenyewe, inakoroma. Hakuna duka linalouza kitu hicho."

Mguu wa Bi Kiraka ukaacha kukanyaga cherehani.

"Mpasuko gani, baba?" akauliza, ingawa aliujua kuliko jina lake.

"Ule wa spika, mama. Uliouchana wewe tulipohama."

"Labda umepona wenyewe. Vidonda si hupona?"

Friji akamtazama mama yake. Akaitazama sindano kwenye kola ya gauni lake. Akachukua bisibisi, akafungua. Wote watatu wakainama. Mshono ulikuwa umenyooka, umetulia, unang'aa. Ndiyo ilikuwa balaa yenyewe.

"Ni mshono mzuri, mama," alisema Friji kwa upole, na upole ule ulimchoma Bi Kiraka kuliko tusi. Muuza Nyama akatoa kisu mfukoni.

"Rudisha hicho kisu!" Bi Kiraka alikuwa ameshasimama. "Hizo si mbavu. Aliyeshona ndiye anayefumua, hiyo ndiyo sheria ya ufundi."

Akachukua wembe, akapiga magoti mbele ya sanduku, akaushika mshono wa kwanza. Mkono ukagoma. Miaka yote ile alikuwa amefumua mishono ya watu elfu. Wake mwenyewe, hata mmoja, hajawahi.

"Nilimwahidi baba yako," akasema.

"Na umeshona, mama. Ahadi ilitimia jana. Sasa mimi naomba yangu." Friji akachutama kando yake. "Huu mkono wa kulia unafikiri umefundishwa na nani? Si nililala chini ya cherehani yako mpaka nikaanza shule?" Akaziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja, akazichapa kwa kile kifungo: tuku-tuku-tuku-tuku, akatulia kidogo kama mtu anayegeuza nguo, tuku-tuku-tuku-tuku. Bi Kiraka akautambua mwendo wa mguu wake mwenyewe. "Wale wapiga metali wenye nywele ndefu niliwasikia ukubwani kwenye kanda. Nikasema, kumbe hawa nao mama zao ni mafundi cherehani."

Bi Kiraka akacheka mpaka chozi likapata kisingizio. Kisha akakata. Mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa arobaini na mbili, akichomoa uzi kwa kucha. Kile kitambaa cha ndani kikabanduka pamoja na gundi na unyoya kidogo wa karatasi, na kila mahali sindano ilipopita pakabaki tundu.

Friji akapiga. Mkoromo ulirudi, lakini haukurudi peke yake. Ulikuja na mluzi mkali nyuma yake, kama nyuki waliofungiwa chupani.

"Siyo ileile," alisema Friji.

Muuza Nyama akaanza kukunja waya.

Jumamosi wakaenda hivyohivyo, kwa pikapu ya nyama. Bi Kiraka alikaa mbele, pamba masikioni, amekataa katakata kubaki nyumbani. Kule studio Friji akachomeka waya, akapiga ubeti mmoja. Yule bwana akavua vizibo vya masikio, vile vikubwa vya kusikilizia.

"Hii si sauti niliyoisikia."

Mkono wa Friji ukaenda kwenye waya kuuchomoa.

"Ile ilikuwa chui," akaendelea yule bwana. "Huyu ni chui aliyekanyagwa mkia. Rudia!" Akaja mbio kuchungulia ndani ya sanduku kwa tochi. "Nani katoboa matundu haya?"

"Arobaini na mawili kila upande," alisema Bi Kiraka. "Usihesabu, utachelewa."

"Kumbe bibi ni fundi spika?"

"Mimi ni fundi wa kila kilichochanika. Hata kama kilikuwa sawa."

Walirekodi nyimbo zote kumi kabla ya jua kuzama. Siku hizi Bi Kiraka anazisikiliza akiwa kazini, na mguu wake hauna adabu, unazifuata. Nguo za wiki mbili zinaisha kwa wiki moja. Suruali moja tu ndiyo aliyoishona miguu yote miwili ikawa mmoja, na hiyo aliusingizia wimbo wa saba.

Majuzi Mkunga alikuja kupunguziwa jinzi yake. Ilikuwa imechanika magoti yote mawili, nyuzi zinaning'inia. Vidole vya Bi Kiraka vikaanza kumwasha. Akatunga uzi, akavaa miwani, akalivuta lile goti karibu na taa. Halafu akasita, akamtazama Mkunga juu ya miwani.

"Mwanangu," akamwuliza, "huu mpasuko ni wa bahati mbaya, au nao unaimba?"